Jinsi ya Kuhamisha Kanda za Taarab na Kuzisikiliza Pamoja na Marafiki Mtandaoni: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali kuhusu kanda za zamani za taarab huja yale yale kila mara. Mtu amerithi kasha la kanda kutoka kwa shangazi yake, au amekuta bahasha ya picha za harusi na za vikundi vya muziki, na anatamani marafiki zake walioko Mombasa, Unguja, Maskati na London wazisikie na kuziona pia. Hajui aanzie wapi. Mara nyingi huishia kufungua kundi la WhatsApp, akamimina nyimbo kwa mkupuo mmoja bila jina la mwimbaji wala la kikundi, na hakuna anayezisikiliza hata moja hadi mwisho.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: wimbo unaotumwa peke yake, ukiwa umehamishwa kwa uangalifu na kuambatana na maelezo yake, husikilizwa na kuzungumzwa, ilhali rundo la nyimbo zisizo na maelezo hupita tu. Nimeuandika kwa kufuata taarab kwa sababu ndiyo muziki ninaoupenda na kuufahamu, lakini mwenye kanda za muziki wa dansi au za kasida anaweza kufuata hatua hizi hizi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta redio ya kaseti inayozungusha kanda kwa mwendo usioyumba na yenye tundu la hedifoni. Pata waya wa sauti wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili, na kompyuta iliyowekwa programu ya Audacity, ambayo hupatikana bure. Kompyuta nyingi za mapajani za siku hizi zina tundu moja tu, ambalo upande wake wa kupokea sauti ni wa maikrofoni ya chaneli moja. Ikiwa yako ni ya aina hiyo, nunua kifaa kidogo cha sauti cha kuchomeka kwenye USB, na uhakikishe kabla ya kulipa kwamba kinapokea sauti ya chaneli mbili.

Ongeza vijiti vya pamba, spiriti safi wanayotumia mafundi wa redio na simu, penseli yenye pembe, kitambaa laini, simu yenye kamera nzuri na daftari. Daftari si pambo. Mambo utakayoambiwa na wazee kuhusu kanda hizi hayamo kwenye kanda zenyewe, na yasipoandikwa siku ile ile yatapotea.

Hatua za kufuata

1. Chagua watu kabla ya kuchagua nyimbo. WhatsApp huruhusu kundi lenye watu hadi 1,024, lakini kundi la kusikilizana halihitaji hata sehemu ndogo ya idadi hiyo. Anza na watu kati ya watano na kumi na watano, na uhakikishe kwamba miongoni mwao yumo angalau mzee mmoja aliyehudhuria taarab enzi zile, mtu mmoja anayejua ushairi, na kijana mmoja anayeuliza maswali bila haya. Kundi la watu wenye ujuzi unaolingana hukosa la kusemezana.

2. Kubalianeni kanuni chache siku ya kwanza. Ninapendekeza tatu: wimbo mmoja kwa wiki, kila mmoja na zamu yake ya kutuma; hakuna kusambaza jambo lolote lisilohusu muziki, picha au ushairi; na hakuna kinachotolewa nje ya kundi bila idhini ya aliyekileta. Ziandike kwenye maelezo ya kundi ili anayeingia baadaye azisome bila kulazimika kukumbushwa mbele ya watu.

3. Kagua kanda kwa macho kabla ya kuicheza. Nyuma ya kaseti, kwenye ukingo ulio upande wa pili wa pale utepe unapoonekana, kuna vijino viwili vya plastiki. Vivunje vyote viwili, maana vikiondoka mashine haiwezi kurekodi juu ya sauti iliyopo hata ukibonyeza kitufe kwa bahati mbaya. Kisha itazame kanda dhidi ya mwanga. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe uliojiviringa, huo ni ukungu, ambao pwani yetu yenye unyevunyevu huuzalisha kwa wingi, na kanda hiyo usiicheze: ukungu utahamia kwenye mashine yako na kutoka hapo utaingia kwenye kanda nyingine zote. Itenge ndani ya mfuko wake na uipeleke kwa fundi mwenye uzoefu.

Kanda isiyo na ukungu, tumia penseli kukaza utepe uliolegea, halafu ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe hadi mwanzo mara moja bila kuicheza. Utepe uliokaa miaka mingi bila kuguswa hujishika, na zoezi hili huulegeza ili uzunguke kwa mwendo mmoja.

4. Safisha mashine na uiunganishe. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, kikamue, kisha usugue taratibu hedi, yaani kile kichuma kinachogusa utepe, pamoja na ekseli nyembamba inayouvuta. Pamba itatoka na rangi ya kahawia, nawe uendelee kwa pamba mpya hadi itoke safi. Roli la mpira lifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, kwa kuwa spiriti huukausha mpira. Acha dakika kadhaa vikauke, kisha unganisha tundu la hedifoni la redio na tundu la kupokea sauti la kompyuta au la kile kifaa cha USB.

Tahadhari: usifanye majaribio kwa kanda unayoithamini. Jaribu kwanza kwa kanda yoyote isiyo na thamani, na uitazame ikizunguka hadi mwisho. Mashine yenye roli lililochakaa hula utepe kwa sekunde chache.

5. Rekodi upande mzima bila kukatiza. Panga programu irekodi chaneli mbili kwa kipimo cha hezi 44,100 na biti 16. Cheza sehemu yenye kelele nyingi zaidi, kwa kawaida pale kiitikio kinapoingia na vyombo vyote vikiwa pamoja, na urekebishe sauti ya redio hadi kipimo cha programu kifikie karibu na alama ya −6. Kipimo kikigonga juu kabisa na kuwa chekundu, sauti imepasuka, na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa. Sauti iliyorekodiwa chini kidogo, kwa upande wake, huinuliwa baadaye bila taabu.

Rudi mwanzo, bonyeza kurekodi kwenye kompyuta kwanza, halafu ndipo uicheze kanda. Iache iende hadi mwisho, hata pale kati ya nyimbo panaposikika watu wakizungumza. Mazungumzo hayo, vigelegele vya akina mama na sauti ya mshereheshaji anayetaja jina la aliyekwenda kumtunza mwimbaji ni sehemu ya thamani ya kanda, na mara nyingi ndimo utakamoujua ukumbi au mwaka. Hifadhi faili hilo kama WAV. Litachukua takriban MB 10 kwa kila dakika, kwa hiyo kanda ya dakika 60 itazidi MB 600 kidogo. Faili hili ni la akiba. Usilikate wala kulibadilisha.

6. Tengeneza nakala ya kutuma. Kutoka kwenye faili la akiba, nakili wimbo mmoja, uondoe ukimya wa mwanzo na wa mwisho, na uhifadhi kama MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Wimbo wa dakika 10 utakuwa na MB 10 hivi, kiasi ambacho mwenye bando dogo anakimudu.

Hapa ndipo wanaoanza huharibu kazi nzuri. Audacity ina uwezo wa kupunguza mvumo wa kanda, na mtu akiona mvumo unapungua hushawishika kuendelea hadi uishe kabisa. Mvumo wa kanda na sauti ya juu ya fidla na nai (filimbi ya mwanzi) vimekaa mahali pamoja, hivyo ukiufuta wote umefuta na vyombo, na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, itasikika kana kwamba inapigwa ndani ya mtungi wa maji. Mimi huacha mvumo ulivyo isipokuwa pale unapoyafunika maneno. Sikio la msikilizaji huuzoea baada ya ubeti wa kwanza.

7. Andika maelezo ya wimbo. Kwa maoni yangu hatua hii ina uzito kuliko zote zilizotangulia, na ndiyo inayorukwa zaidi. Andika jina la wimbo, mwimbaji, kikundi, mtunzi wa shairi, mtia muziki, mahali na mwaka, vyombo unavyovisikia, na kanda imetoka kwa nani. Usichokijua kiache wazi, uandike “hakijulikani”, wala usikisie, kwa sababu kisio likishasambazwa mara tatu hugeuka kuwa historia.

Jina la kikundi peke yake halitoshi. Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, na vikundi hivi vimepitiwa na waimbaji wa vizazi kadhaa. Ukiandika “Culture” tu, hujamwambia msikilizaji ni sauti ya nani. Vilevile mtofautishe mwimbaji na mtunzi. Mashairi mengi aliyoyaimba Juma Bhalo wa Mombasa yalitungwa na ndugu yake Ahmad Nassir, mshairi mkubwa kwa haki yake mwenyewe, na kumtaja mmoja bila mwenziwe ni kumdhulumu mmojawapo.

Maelezo pia humsaidia msikilizaji kuielewa sauti yenyewe. Siti binti Saad na wenzake walikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, kwenye santuri ambazo upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu tu. Kijana aliyezoea taarab ya ukumbini, ambapo wimbo mmoja huweza kwenda dakika 15, akisikia rekodi ile bila kuambiwa jambo hili atadhani ametumiwa kipande kilichokatwa. Sentensi moja inatosha kumwelewesha.

8. Andika maneno ya wimbo, kisha uyapime kwa mizani. Sikiliza mshororo mmoja mmoja na uuandike kama unavyousikia, lahaja yake ikiwamo. Usimgeuze mwimbaji wa Kimvita au wa Kiamu aseme Kiswahili cha shuleni. Ukimaliza, hesabu mizani, yaani silabi. Mashairi mengi ya taarab ya zamani yana mishororo mitatu katika kila ubeti, yana vina vya kati na vya mwisho, na kila kipande kina idadi ile ile ya mizani, jambo linalokupa njia ya kugundua neno ulilolisikia vibaya.

Chukua mshororo huu, nilioutunga kwa ajili ya mfano: “Nimengoja barazani, taa haina mafuta.” Kila kipande kina mizani 8. Kama kanda inakwaruza nawe ukaandika “taa imekwisha mafuta”, maana inakaribiana na sikio halilalamiki, lakini ukihesabu utapata mizani 9, nawe utajua kwamba hapo pana neno la kurudiwa. Irudishe kanda, punguza mwendo kwenye programu, na usikilize tena. Pasipoeleweka kabisa, weka nukta na uwaulize wenzako. Hakuna kinachowafanya watu wazungumze kwa raha kama kutafuta pamoja neno moja lililofichika, na wazee ambao kwa kawaida hukaa kimya kundini ndio huja nalo.

9. Piga picha za picha. Wimbo ukiwa na picha ya kikundi, ya ukumbi, au hata ya jalada la kaseti lenye mwandiko wa mwenyewe, hukaa zaidi moyoni. Weka picha mezani karibu na dirisha, penye mwanga lakini si juani, na uzime taa ya kamera, kwani huacha doa jeupe kwenye karatasi inayong'aa. Shika simu sambamba na meza ili pembe nne za picha zibaki sawa, na uisogeze badala ya kuvuta kwa vidole. Kisha igeuze picha upige na upande wa nyuma. Huko ndiko kuliko na tarehe, majina na mhuri wa studio. Ukikuta kwa mfano mhuri wa Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, tayari umeshapata mji na mahali pa kuanza kuulizia.

Tahadhari hii ina uzito kuliko zote. Picha nyingi za harusi zilipigwa katika vikao vya wanawake watupu, wakiwa wamevua buibui kwa kuaminiana. Usizitume kundini, hata kama waliomo wamekwisha kufariki, mpaka upate idhini ya familia zao. Hali ni hiyo hiyo kwa kanda zilizorekodiwa katika shughuli za kike. Mama akikataa, jibu ni hilo, na asibembelezwe.

10. Tuma kwa utaratibu. Anza na maelezo, fuatisha picha, kisha wimbo, na maneno ya wimbo yaje mwisho. Picha itume kama hati, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huzibana picha na mwandiko wa nyuma huweza kusomeka kwa shida. Kuhusu nyimbo, tofautisha kanda ya nyumbani na albamu inayouzwa. Vikundi vingi vingali hai na wanamuziki wake wanaishi kwa kazi hiyo; ikiwa wimbo unapatikana kihalali mtandaoni, tuma kiungo chake na uwahimize wenzako waununue. Ukitaka kuuweka wimbo mahali pa wazi kwa kila mtu, ulizia kwanza kwa ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya.

11. Sikilizeni kwa wakati mmoja. Wimbo utumwe siku mbili kabla, ili kila mtu aupakue kwa wakati wake, kisha siku iliyopangwa wote waanze kuucheza kwa pamoja. Saa 3 usiku ya Afrika Mashariki ni saa 4 usiku Maskati, na London ni saa 12 jioni wakati wa baridi na saa 1 usiku wakati wa kiangazi. Walioko Toronto watakuwa bado mchana. Andika kila mji na saa yake, kwa kuwa waliokulia Ulaya wakisoma “saa 3” huweza kuelewa saa 9 alasiri au hata saa 9 usiku wa manane.

Mara ya kwanza sikilizeni bila mtu kuandika neno hadi wimbo uishe. Mara ya pili sikilizeni huku maneno yakiwa mbele yenu. Ndipo mlango wa mazungumzo ufunguliwe, na aliyeleta wimbo aanze kwa swali moja mahususi: fumbo hili linamlenga nani, au udi unaingia wapi kabla ya fidla. Swali la “mmeuonaje?” huzaa vidole gumba na kimya.

12. Hifadhi mahali patatu. Faili la akiba likae kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa rafiki anayeishi mji mwingine. WhatsApp si ghala. Simu ikipotea, huenda kila kitu kikapotea nayo. Kanda yenyewe usiitupe. Iweke wima ndani ya kasha lake, mahali pakavu, mbali na spika, kwani sumaku ya spika huweza kuidhuru.

Mambo yakienda kombo

*Sauti inatoka upande mmoja.* Chomoa pini uirudishe hadi ndani kabisa. Tatizo likibaki, tundu la kompyuta yako ni la maikrofoni, na ndipo kile kifaa cha USB kinapohitajika.

*Kuna mngurumo usiokoma.* Chomoa chaja ya kompyuta utumie betri wakati wa kurekodi. Mara nyingi mngurumo huondoka papo hapo.

*Sauti imefifia na haina makali.* Rudia kusafisha hedi. Kama kanda nyingine zinasikika vizuri, basi kanda hii ilirekodiwa kwenye mashine ambayo hedi yake ilikaa kwa pembe tofauti. Fundi anaweza kuirekebisha skrubu ndogo iliyo kando ya hedi kwa ajili ya kanda hiyo, kisha airudishe ilipokuwa.

*Mwimbaji anasikika kama mtoto, au mzito kupita kiasi.* Mkanda wa mpira ulio ndani ya redio umelegea, au mashine iliyorekodi haikuwa na mwendo sahihi. Tafuta rekodi nyingine ya mwimbaji huyo huyo, linganisha, na urekebishe mwendo kwenye nakala ya kutuma, si kwenye faili la akiba.

*Utepe umekatika.* Usiunge kwa selotepu ya kawaida, kwa maana gundi yake huyeyuka kwa joto na kunata kwenye hedi. Iko tepu maalumu ya kuungia kanda. Usipoipata, mwachie fundi.

*Faili linakataa kutumwa.* Litume kama hati badala ya kama sauti. WhatsApp hupokea hati za hadi GB 2.

*Kundi limenyamaza.* Rudini kwenye wimbo mmoja kwa wiki kama mlikuwa mmeongeza, na mwombe mzee mmoja, kwa simu na si kwa ujumbe wa kundini, achague wimbo wa wiki ijayo.

*Watu wawili wanabishana kuhusu maneno ya wimbo.* Kata sekunde zile chache zenye ubishi, zirudie mara tatu katika faili moja, uzitume. Mizani isipoamua, andika matamshi yote mawili kwenye maelezo, kila moja na jina la aliyelisikia, na mwendelee na ubeti unaofuata.